Maumivu Yasiyoandikwa Katika Daftari

Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Eastleigh, Nairobi



 Kila mwaka katika mkutano huu mimi husimama kusoma hesabu: fedha zilizoingia, fedha zilizotoka, wafiwa waliosaidiwa, na wanachama ambao bado hawajalipa ada zao. Leo nimeomba ruhusa nizungumze juu ya jambo ambalo halimo katika vitabu vyetu vya hesabu, ingawa lingepasa kuwamo. Ni maumivu ya wanawake, na hasa maradhi yaitwayo endometriosi, pamoja na njia za kuyatuliza maumivu yake pasipo kutumia dawa za homoni.

Najua wako watakaouliza: Karani na mambo ya akina mama, wapi na wapi? Mimi si daktari. Nalisoma katika shule ya misheni, na katika somo la viumbe tulifundishwa habari za panzi na chura kwa urefu kuliko habari za mama zetu na dada zetu. Niyasemayo leo nimeyasoma katika maandishi ya madaktari, nimeyauliza kwa wauguzi, na mengine nimeyaona nyumbani mwangu kwa macho yangu. Mke wangu ameniruhusu niyaseme. Pasipo ruhusa yake nisingefungua kinywa.

BARUA NILIYOIANDIKA

Miaka mitatu iliyopita mwanachama mwenzetu mmoja, mjane auzaye nguo hapa Eastleigh, alileta ombi mbele ya Kamati ya Misaada. Binti yake alikuwa akilala chini siku tatu au nne za kila mwezi kwa maumivu, akitapika, na shule akiikosa. Alikuwa ameandikiwa kwenda kupigwa picha ya tumbo na kuonwa na daktari bingwa wa maradhi ya wanawake, na mama akaomba Chama kimsaidie gharama. Ombi hilo lilijadiliwa kwa muda mfupi sana. Ilisemwa kwamba hedhi si ugonjwa, kwamba mama zetu wote waliipitia, na kwamba binti akiolewa na kuzaa mambo yatatengenea yenyewe. Ombi likakataliwa. Barua ya kumjulisha mama huyo niliiandika mimi, kwa maneno mazuri ya adabu, nikatia sahihi kwa niaba ya Katibu. Sikuona ubaya wowote.

Wakati huo huo mke wangu alikuwa na maumivu yaleyale chini ya paa langu, naye akinificha. Nalidhani ni mtu wa kuumwa na kichwa mara kwa mara. Usiku mmoja alianguka jikoni, nikamchukua hospitali kwa teksi. Daktari alimwuliza, "Tangu lini?" Akajibu, "Tangu nilipokuwa darasa la saba." Mimi, mumewe wa miaka sita, niliyasikia hayo kwa mara ya kwanza pamoja na daktari ambaye hajawahi kumwona. Ndipo nilipoikumbuka ile barua.

MARADHI HAYA NI NINI

Ndani ya mji wa mimba mna utando ambao kila mwezi hunenepa, kisha, mimba isipoingia, hubomoka na kutoka pamoja na damu. Katika maradhi ya endometriosi, chembe zinazofanana na utando huo huota nje ya mji wa mimba: juu ya vifuko vya mayai, nyuma ya mji wa mimba, juu ya utumbo, juu ya kibofu cha mkojo, na mara chache hata mbali kama kifuani. Huko nako huwaka kwa kufuata mwendo wa mwezi, lakini damu yake haina mlango wa kutokea. Mahali hapo huvimba, hufanya makovu, na viungo ambavyo vingepaswa kuteleza kila kimoja peke yake hushikamana kama karatasi zilizomwagikiwa gundi.

Dalili zake kubwa ni maumivu ya hedhi yanayomzuia mtu kufanya kazi au kwenda shule, maumivu ya nyonga hata siku nyingine za mwezi, maumivu wakati wa tendo la ndoa, maumivu wakati wa kwenda haja, uchovu mwingi, tumbo kujaa, na pengine kuchelewa kupata mtoto. Wako pia wanawake wenye maradhi haya wasioona dalili yoyote.

Mganga Karl von Rokitansky wa Vienna aliyaeleza maradhi ya namna hii mwaka 1860, na jina tunalolitumia lilienezwa na John Sampson wa Albany, katika Marekani, katika miaka ya 1920. Sampson alisema kwamba damu ya hedhi hurudi nyuma kwa njia ya mirija ikaingia tumboni. Ni kweli hurudi, lakini hurudi kwa wanawake wengi ambao hawapati maradhi haya kamwe, kwa hiyo chanzo chake chote hakijajulikana. Wala hakuna hadi leo dawa iliyothibitika kuyang'oa kabisa. Lililo wazi ni kwamba hayaletwi na uchawi, wala laana, wala mwenendo mbaya wa msichana.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba yanawapata kiasi cha wanawake na wasichana 10 kwa kila 100 walio katika umri wa kuzaa, yaani kama milioni 190 duniani. Shirika hilo hilo linasema kwamba tangu dalili kuanza hadi maradhi kujulikana hupita kwa kawaida miaka 4 hadi 12. Wale waliosoma Injili watamkumbuka yule mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12, akamaliza mali yake yote kwa waganga asipate nafuu. Kumbe habari yake si ya zamani hivyo.

Hapa sina budi kuyakanusha maneno niliyoyasikia kwa watu waliosoma, kwamba haya ni maradhi ya Wazungu. Maneno hayo yalikuwamo hata katika vitabu vya madaktari kwa miaka mingi. Mwaka 1976 daktari mmoja wa Chicago, Donald Chatman, alichapisha habari za wagonjwa wake wanawake weusi aliowachungulia tumboni kwa chombo. Aliyakuta maradhi haya kwa zaidi ya 20 katika kila 100. Na wengi wa hao walikuwa wamekwisha kuambiwa kwamba wana uambukizo wa nyonga, ambao mara nyingi huletwa na magonjwa ya zinaa. Fikirini, ndugu zangu, ni wasichana wangapi katika mitaa yetu wamemezeshwa dawa za uambukizo wasiokuwa nao, wakarudi nyumbani wakitazamwa kwa jicho baya na baba zao.

KWA NINI PASIPO HOMONI

Dawa ambazo madaktari huzitumia sana kwa maradhi haya ni za homoni: vidonge, sindano, na vitu vingine vilevile vinavyotumika katika uzazi wa mpango. Sisemi kwamba ni sumu. Zimewasaidia wanawake wengi mno, na mwanamke ambaye daktari amempa naye anaona nafuu, asiziache kwa sababu ya hotuba ya karani.

Walakini wako wasioweza kuzitumia au wasiotaka. Yuko ambaye anataka mtoto, na nyingi za dawa hizo huzuia mimba muda wote anapozitumia. Yuko mwenye shinikizo la damu, au aliyepata kuganda kwa damu mguuni, au mwenye namna fulani ya kipandauso, ambaye baadhi ya vidonge hivyo havimfai. Yuko aliyezijaribu zikamletea huzuni au kutokwa na damu ovyo. Na yuko binti ambaye hajaolewa, ambaye mama yake ataona vidonge vya uzazi wa mpango katika mkoba wake na nyumba nzima itawaka moto. Mke wangu alikuwa katika kundi la kwanza. Tulitaka mtoto. Basi tukauliza: lipi lingine lipo?

Jibu ni kwamba yapo mengi, lakini yapasa tujue kila moja linafanya nini na halifanyi nini. Isipokuwa upasuaji, yote nitakayoyataja hutuliza maumivu tu. Hayayapunguzi maradhi yenyewe. Kutuliza maumivu si jambo dogo. Mtu anayeweza kusimama anaweza kwenda kazini, na anaweza kwenda hospitali.

JOTO

Nianze na lililo rahisi. Joto juu ya tumbo la chini au kiuno hulegeza misuli na kupunguza maumivu. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001 juu ya maumivu ya kawaida ya hedhi, kitambaa cha kutia joto la kiasi cha nyuzi 39 kilichovaliwa tumboni kwa saa nyingi kilisaidia karibu sawa na vidonge vya ibuprofeni. Sisi wa Eastleigh hatuna haja ya kitambaa cha ng'ambo. Mfuko wa mpira wa maji ya moto wafaa, ukifungwa kwa leso au taulo. Maji yasiwe yanachemka, wala mtu asiulalie usiku kucha, maana ngozi huungua polepole pasipo yeye kujua. Na chupa za plastiki za soda zisitumike, kwa kuwa hulegea na kupasuka.

VIDONGE VYA MAUMIVU

Hapa ndipo penye faida kubwa, na ndipo penye makosa makubwa vilevile. Wakati wa hedhi mwili hutengeneza vitu viitwavyo prostaglandini, ambavyo huukaza mji wa mimba na kuwasha uvimbe. Ziko dawa zinazozuia vitu hivyo visitengenezwe: ibuprofeni, diklofenaki, naproksini, na asidi ya mefenamiki ambayo wengi wetu twaijua kwa jina la Ponstan. Mwaka 2015 wataalamu walikusanya tafiti 80 juu ya maumivu ya hedhi, wakaona kwamba dawa za jamii hii hushinda kidonge kisicho na dawa. Juu ya endometriosi yenyewe tafiti ni chache mno, kwa hiyo madaktari huzitoa kama majaribio, wakiangalia mgonjwa anavyoendelea.

Yapo mambo manne ya kushika.

La kwanza, kwa kuwa dawa hizi huzuia kitu kisitengenezwe, hufaa zaidi zikimezwa mapema, dalili zinapoanza tu, kuliko kungoja mpaka mtu anajipindapinda sakafuni. Mke wangu alikuwa akivumilia kwanza hadi ashindwe, akidhani kwamba kumeza mapema ni udhaifu. Kumbe kule kuvumilia ndiko kulikomfanya ameze vidonge vingi zaidi baadaye.

La pili, dawa hizi nne ni ndugu wa tumbo moja. Kumeza ibuprofeni asubuhi, Ponstan mchana, na kisha kuchomwa sindano ya diklofenaki jioni si kutumia dawa tatu. Ni kuzidisha kipimo cha dawa moja mara tatu. Katika mtaa wenye maduka ya dawa kila hatua chache jambo hilo ni rahisi kutokea, kwa kuwa kila muuzaji hajui mwenzake ametoa nini. Mtu atumie moja tu, kwa kipimo kilichoandikwa. Parasetamoli ni wa ukoo mwingine, naye aweza kuongezwa juu yake, lakini mtu mzima asizidishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na mwenye mwili mdogo au maradhi ya ini apate kipimo kidogo zaidi kwa daktari. Vidonge vingi vya mafua vina parasetamoli ndani yake; navyo vihesabiwe.

La tatu, zimezwe pamoja na chakula. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye maradhi ya figo au ya moyo, mwenye pumu inayochochewa na aspirini, anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na mwenye mimba, wasizitumie pasipo kumwuliza daktari. Anayetafuta mimba naye amwulize, kwa maana zaweza kuchelewesha yai kutoka. Kwa dada zetu Waislamu nakumbusha lile wanalolijua kuliko mimi: aliye mwezini hafungi. Basi katika Ramadhani asimeze vidonge juu ya tumbo tupu kwa kuona haya kula mchana.

La nne, na ndilo lililonigusa zaidi. Mwongozo wa madaktari wa Uingereza wa mwaka 2017 wasema kwamba vidonge hivi vijaribiwe kwa muda mfupi, mathalani miezi mitatu, na visipotosha, mgonjwa atazamwe kwa njia nyingine. Miezi mitatu, mabwana. Mke wangu alivimeza miaka 17 pasipo mtu kumwambia kwamba muda wa kujaribu ulikwisha zamani.

Kuhusu dawa kali za jamii ya kodeini na tramadoli, nasema kwa ufupi: hufunga choo, ambalo ni balaa kwa mwenye utumbo unaouma, na humfanya mtu awe mtumwa wake. Zisitumike ila kwa amri ya daktari na kwa muda mfupi.

DAWA ZA MISHIPA YA FAHAMU

Maumivu yakikaa miaka mingi, mishipa ya fahamu huzoea kulia hata pale kidonda kinapokuwa kidogo. Kwa sababu hiyo madaktari wengine hutoa dawa za kuituliza, kama amitriptilini kwa kipimo kidogo usiku, au gabapentini. Ziko zinazomfaa huyu na zisimfae yule. Mwaka 2020 ulichapishwa utafiti mkubwa wa Uingereza juu ya wanawake 306 wenye maumivu ya nyonga ya muda mrefu ambao tumboni mwao hakukuonekana chanzo. Gabapentini haikuwashinda waliopewa kidonge kisicho na dawa, bali iliwaletea kizunguzungu na usingizi zaidi. Hao hawakuwa wagonjwa wa endometriosi, lakini fundisho latutosha: dawa hizi si za kununuliwa dukani kwa kuambiwa na jirani.

MWILI NA VIUNGO

Mtu anayejikunja kwa maumivu kila mwezi huikaza misuli ya nyonga na mgongo, na misuli iliyokazwa huwa chanzo kipya cha maumivu. Matabibu wa viungo wanaojua kazi hii humfundisha mwanamke kuilegeza kwa pumzi na mazoezi. Mwendo wa miguu nao wafaa: tafiti juu ya maumivu ya hedhi zilizokusanywa mwaka 2019 zilionyesha kwamba mazoezi ya kama dakika 45 hadi 60, mara tatu kwa wiki, yaelekea kupunguza maumivu. Iko pia mashine ndogo ya betri inayobandikwa ngozini na kupeleka umeme mwepesi. Wako wanaoisifu, na wako wanaochomwa sindano za Kichina wakasema wameona nafuu. Wataalamu wa Ulaya katika mwongozo wao wa mwaka 2022 hawakuona ushahidi wa kutosha kuichagua mojawapo ya njia hizo juu ya nyingine. Kwa hiyo anayetaka ajaribu, lakini asiuze cherehani yake kwa ajili hiyo.

Juu ya chakula nasema vivyo hivyo. Mboga, matunda na samaki ni vyema kwa kila mtu, lakini chakula cha kuponya endometriosi hakijathibitika. Na wale wauzao dawa za kusafisha mji wa mimba, ziwe za kunywa au za kuweka ndani, tuwakimbie. Mji wa mimba haukuchafuka.

UPASUAJI

Njia hii peke yake, kati ya zile zisizo za homoni, huyagusa maradhi yenyewe. Daktari hupitisha chombo chembamba chenye taa kwa tundu dogo karibu na kitovu, akaona maradhi yalipo, akayakata au kuyachoma, na kuachanisha viungo vilivyoshikamana. Wengi hupata nafuu kubwa. Kwa wengine maumivu hurudi baada ya muda. Hata kuondoa mji wa mimba wote si ahadi ya kupona, kwa kuwa maradhi yako nje yake. Kazi hii yataka mkono uliozoea, na ni haki ya mgonjwa kumwuliza daktari amekwisha kuifanya mara ngapi.

Yafaa kujua pia kwamba kwa mwongozo ule wa mwaka 2022 si lazima mwanamke apasuliwe kwanza ndipo aaminiwe. Daktari aweza kuanza matibabu kwa dalili na kwa picha. Na picha ikiwa safi, haina maana kwamba mwanamke ni mwongo. Maradhi mengi ya juujuu hayaonekani kwa picha.

Mke wangu alipasuliwa mwaka jana. Mnataka kujua, nami nitawaambia kweli. Maumivu yamepungua, hayakuisha. Siku alizokuwa akilala chini zilikuwa nne. Sasa ni moja, na miezi mingine hakuna. Mfuko wa maji ya moto bado umetundikwa nyuma ya mlango. Mtoto bado hatujajaliwa.

WAKATI WA KUKIMBIA

Ziko dalili ambazo si za kungoja: maumivu makali ya ghafula kwa mwanamke ambaye mwezi wake umechelewa, maana yaweza kuwa mimba iliyotunga nje, homa pamoja na maumivu ya tumbo, kuzimia, damu inayojaza pedi kila saa, choo cheusi au kutapika damu baada ya kutumia vidonge, na maumivu ya kifua au kukosa pumzi kunakokuja pamoja na hedhi.

Hili la mwisho Wakenya wengi walilijifunza kwa Njambi Koikai, mtangazaji wa redio na wa muziki wa rege, aliyejulikana kwa jina la Jahmby. Maradhi haya yalimfika kifuani, pafu lake likawa likianguka mara kwa mara. Mwaka 2018 watu walichanga fedha akapelekwa Atlanta, Marekani, akapasuliwa, kisha akarudi akawasemea wengine hadharani, kwa sauti ambayo wengi wetu tulizoea kuisikia ikisema mambo ya furaha. Alifariki tarehe 3 Juni 2024. Kwa ajili yake na wenzake wa vyama vya wagonjwa, neno endometriosi sasa linatamkwa katika nyumba ambazo zamani lisingetamkwa.

DAFTARI

Mimi ni karani, na imani yangu kubwa ni daftari. Mke wangu alipokwenda kwa daktari mara ya kwanza na kusema "naumwa sana," alipewa vidonge. Alipokwenda na daftari la miezi mitatu alisikilizwa kwa nusu saa. Mistari yake ni minne tu: tarehe; maumivu kwa kipimo cha 0 hadi 10; dawa aliyomeza na saa; na kazi iliyoshindikana siku hiyo, kama vile kupanda ngazi, kufua, kwenda kazini. Daftari la shilingi chache latosha. Kila mama mwenye binti aanzae kulalamika amfungulie lake. Sisi wa Eastleigh twaijua njia ya kwenda Pumwani usiku wa manane mwanamke akitaka kujifungua. Hospitali hiyo ipo tangu mwaka 1926 na wengi wetu tulizaliwa pale. Lakini njia ya kwenda kwa daktari wa maradhi ya wanawake wakati wa maumivu hatuijui, na tukifika hatujui la kusema. Daftari litasema.

MAOMBI YANGU

Bwana Mwenyekiti, sasa nakuja kwenye maombi, nayo ni matatu.

Kwanza, kanuni yetu ya misaada yasema kwamba mgonjwa husaidiwa akiwa amelazwa hospitali. Naomba Mkutano huu uibadili, ili maumivu yanayomzuia mtu kazi au masomo, yakishuhudiwa kwa barua ya daktari, yahesabiwe kuwa ugonjwa, ingawa mgonjwa hakulazwa.

Pili, Kamati ya Misaada ina wanaume saba. Ombi la yule mjane lilijadiliwa na watu saba ambao hakuna hata mmoja wao aliyepata kuumwa na mwezi, na karani wa nane akiandika. Naomba viti viwili viwe vya akina mama.

Tatu, naomba niruhusiwe kumwandikia mama yule barua ya pili, kumwomba radhi kwa niaba ya Chama na kwa niaba yangu mwenyewe, na kumwambia kwamba ombi lake limefunguliwa tena. Nimekwisha kuuliza: binti bado anaumwa, na mitihani yake aliifanya akiwa amekaa juu ya mto. Barua nimeiandaa. Inangoja tu sahihi ya Katibu, na safari hii naomba sahihi hiyo isiwe yangu peke yangu.

Wanaume wenzangu, mkirudi nyumbani jioni hii msihubiri. Ulizeni tu, kama daktari alivyouliza, "Tangu lini?" Kisha mnyamaze msikilize.